Aliyeweka Tofali Hajabangua Korosho

Kama gazeti la wiki jana lilifungiwa maandazi kabla hujalisoma, sogea nikuweke sawa. Sesilia mwenyewe ndiye anayenisimulia mambo haya, mie nayafikisha tu, na hapendi msomaji aachwe njiani.

Sesilia ni mbanguaji wa korosho, mtu wa Newala, anakaa Temeke na mumewe Kornelio, mchonga vinyago. Kiwandani kwao wanawake wa benchi wana desturi yao. Mwenzao akifikwa na jambo, la heri au la shari, kila mtu anatoa alichojaliwa, na zawadi inalala kwa mtu mmoja anayeitwa mama wa kapu. Mama wa kapu hakaguliwi wala haulizwi. Anaaminiwa, basi. Mwaka ule wa kampeni ya kisomo, mama wa kapu alikuwa Sesilia.

Shoga yake Rosalia mafuta ya ganda la korosho yalimchubua mikono mpaka ikawa vidonda vitupu, daktari akamtoa kazini. Benchi zima likachanga, ikapatikana cherehani ya mkono ya kumuagia. Ikalala chumbani kwa Sesilia kusubiri Jumapili. Jumapili ikafika, watu wakajaa uani, vigelegele vikapigwa, Rosalia akakalishwa mkekani, kasha likafunguliwa mbele ya macho yote. Ndani mlikuwa na tofali.

Hapo ndipo tulipoachana.

Basi hakuna aliyepiga kelele. Hilo ndilo lililomuumiza Sesilia kuliko yote. Angetukanwa angejibu, na kwa mdomo ule mnavyoujua, angejibu sawasawa. Lakini watu walinyamaza wakamtazama.

Mwanaasha, mkubwa wao pale benchi, alirudisha mfuniko taratibu. "Sesilia, cherehani iko wapi?"

"Sijui, dada."

"Ilikuwa kwako."

"Ilikuwa kwangu."

"Sasa usipojua wewe, nani ajue?"

Felicitas, ambaye siku zote ni mwepesi wa kutoa hukumu, akasimama akajifunga kanga kiunoni. "Mpaka Jumamosi," akasema. "Cherehani isiporudi, kapu unatoka, benchi unatoka, na jina lako tunalipeleka kwa balozi wa nyumba kumi. Atakayekuaga wewe sijui nani."

Wakaondoka. Pilau iliachwa sufuriani haijaguswa, na watu wa Temeke kuacha pilau ya bure si jambo dogo. Rosalia naye akainuliwa mkekani akaondoka nao, mikono kaificha ndani ya kanga. Adelina, mdogo wake Sesilia, alibaki nyuma akikusanya sahani huku analia. Adelina ndiye aliyekuwa amekalia nafasi ya Rosalia pale kiwandani, kwa muda, ndivyo ilivyosemwa.

Kornelio alikuwa amekaa kibarazani na patasi yake. Sesilia akamsimamia mbele.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Wananiita mwizi, Kornelio."

"Itaonekana tu."

"Itaonekana na nani? Inatembea yenyewe?"

"Itaonekana," akarudia, akaendelea kuchonga. Sesilia anasema neno lile lilimkera usiku kucha, ila hakulifuata. Alikuwa na mtu mwingine wa kumshuku.

Kwenye nyumba ile kulikuwa na mpangaji, chumba cha mbele, kijana wa Bukoba anaitwa Theonest. Mwanafunzi wa Mlimani, shahada ya pili, somo la elimu. Alikuwa akija kwenye kisomo cha jioni pale kiwandani, anasaidia kufundisha, halafu anawauliza wanawake maswali. Alikuwa anatafiti, eti mtu mzima akishajua kusoma, moyo wake wa kutoa kazini unaongezeka au unapungua.

Benchi lilimcheka mpaka machozi. Serikali inamlisha mtu mzima, inamvisha, akaulize hayo?

Sesilia hakucheka. Sesilia, chumvi ikipungua kwenye kopo huuliza nani kapita jikoni. Kwake yeye, mtu anayeuliza leo nani katoa nini, kesho atauliza nani kaficha nini, na keshokutwa wataitwa watu ofisini. Alikuwa anampikia kijana ugali, anamfulia, anamwitikia shikamoo zake, na wakati wote jicho moja halitoki mlangoni kwake.

Jumatatu jioni Theonest akabisha hodi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kama ni maswali, leo sina majibu."

"Naomba kuliona lile kasha."

"La nini?"

"Nadhani naweza kujua nani alilifungua."

Sesilia akaweka mwiko chini. "Kwa elimu ipi? Ya kuhesabu nani mkarimu nani bahili?"

Kijana akababaika kidogo. "Kabla ya kwenda Mlimani nilifanya kazi polisi. Ofisi ya alama za vidole."

Jamani. Niwaambieni Sesilia alivyonieleza: alianza kuhesabu kichwani. Miezi yote ile. Ugali wote ule.

"Kwa hiyo wewe askari."

"Nilikuwa. Niliacha."

"Askari haachi, anabadilisha nguo. Mbona hukusema?"

"Hukuniuliza, mama."

"Mie ndiye wa kuuliza? Si kazi yako wewe kuuliza?"

Theonest akacheka, kisha akaona hachekewi, akaacha. Akasema polepole kwamba kama anadhaniwa ana nia mbaya, basi kasha analishika mbele ya macho ya Sesilia na mumewe, peupe, na hatatoka nalo nje. Sesilia akafikiri. Jumamosi ilikuwa inakuja. Bila benchi hakuna unga, hakuna ada ya kanisa, hakuna mtu wa Temeke wa kumkopesha hata kiberiti. Na zaidi ya hayo, kuitwa mwizi wa kapu ni jambo ambalo hata ukihamia Kinondoni linakufuata.

"Lete mkeka," akamwambia Adelina.

Mnajua tena, lile kasha Kornelio alikuwa amelipaka vanishi siku ya Ijumaa, nje na ndani, lipendeze. Na vanishi yake ilikuwa nzito, haikukauka haraka. Theonest alipougeuza mfuniko mwangani alitabasamu mara moja kisha akarudisha uso wa kazi.

"Nahitaji unga mweupe laini sana. Na brashi."

Hapakuwa na unga laini kushinda poda ya Sesilia ya kwendea kanisani. Akaitoa kwa uchungu, akamtazama kijana anavyoinyunyiza kwenye mbao kana kwamba anapika chapati. Akapuliza. Akapitisha brashi ndogo ya Kornelio. Na pale penye mbao nyeusi vikaanza kuonekana vidole.

Adelina akajisogeza nyuma. Hata Kornelio aliacha patasi.

Theonest akatoa wino wa mhuri na karatasi. "Nianze na wenye nyumba, tuwatoe. Baba, samahani."

"Chukua vyote kumi," akasema Kornelio, akanyoosha mikono bila wasiwasi. Madole yake yakatoka makubwa, mistari imejaa, lile la kulia lina kovu la patasi. Yalikuwa kila mahali kwenye kasha, nje na ndani. Theonest akatikisa kichwa. Mpakaji wa vanishi asipoacha alama yeye, nani aache?

Ikaja zamu ya Sesilia. Akabonyeza wino, akabonyeza karatasi, akainua.

Doa jeusi tu. Akarudia. Doa. Kidole cha pili, cha tatu, doa.

"Mbona mie sina?" akauliza.

"Korosho imekula, mama. Yale mafuta yanachoma ngozi ya juu. Hata ile siku mlipojiandikisha kisomo kwa dole gumba, karibu benchi zima mliacha madoa."

Sesilia alikaa akitazama dole lake, kisha la mumewe, kisha lake. Huwa haoni haya kulia, lakini siku ile, anasema, kilimpata kitu kisichofanana na kulia. Alizaliwa na mistari yake kama watu wote. Hakumbuki ilipoondoka. "Kwa hiyo hata hiki nimeshakichangia," akasema.

Theonest alipiga magoti muda mrefu juu ya ule mfuniko. Alitenganisha madoa laini ya Sesilia na ya Adelina. Alitenganisha ya Kornelio. Halafu akaita kwa kidole.

"Hapa ndani, pembeni. Mtu ameshika mfuniko kwa ndani, vanishi mbichi, kabonyeza dole gumba vizuri kabisa. Mistari yote ipo. Si la baba. Si langu, nimelipima. Na la kwako haliwezi kuwa."

"Maana yake?"

"Maana yake aliyeweka tofali humu ana mistari. Hajabangua korosho."

Sesilia akashusha pumzi ambayo alikuwa nayo tangu Jumapili.

"Lakini usimwambie mtu," Theonest akaharakisha kusema. "Sijamaliza. Kuna jambo moja sijalipima."

Sasa niambieni, wasomaji wangu. Mwanamke kaitwa mwizi siku mbili. Kapewa maneno ya kumtoa. Kisha aambiwe asiseme? Sesilia? Jumanne asubuhi hata majivu ya kupaka mikono isichomwe na mafuta hajachota, kashapanda juu ya gunia.

"Nyoosheni madole," akawaambia benchi zima.

"Kumekucha," akasema Felicitas.

"Nyoosha, Felicitas. Tazama. Unaona mistari?"

Wakanyoosha. Wakatazama. Mwanamke akamtazama mwenzake, akamshika mkono, akausogeza dirishani. Hakuna. Kidole kitupu baada ya kidole kitupu, laini, kinang'aa. Wengine wakacheka, wengine wakanyamaza. Mwanaasha alilitazama lake kwa muda kisha akalifuta kwenye gauni kana kwamba lina uchafu.

Sesilia akawaeleza yote, poda, wino, vanishi. "Aliyeweka tofali ana mistari. Kwa hiyo si mie. Na si nyie. Hakuna mbanguaji mwizi hapa."

Benchi likafurahi. Mtu akapiga kigelegele kimoja kifupi. Wanawake waliokuwa hawamsalimu wakamshika bega. Hata Felicitas alisogea akasema, "Basi shoga, si unajua hasira." Sesilia akasema anajua.

Lakini Felicitas ni Felicitas. Akakaa, akabangua mbili tatu, akainua kichwa.

"Sasa pale kwako, wenye mistari ni nani?"

"Kornelio. Ila yeye ndiye aliyepaka, alama zake tunazijua."

"Na nani mwingine?"

Sesilia akainamia korosho zake.

"Yule mwanafunzi," Mwanaasha akasema taratibu.

"Yeye kajipima. Si lake."

"Kampima nani?"

"Kajipima mwenyewe."

Kisha mtu akacheka kwa pua, na kicheko kile kilimuingia Sesilia kuliko tofali.

"Kwa hiyo mshukiwa ndiye hakimu," akasema Felicitas. "Poda anashika yeye, wino anashika yeye, anakuambia hili si langu, nawe unaitikia."

"Na alikuwa askari," Sesilia akajikuta anasema. Alitaka kumtetea. Alitaka kusema askari anajua kazi yake. Lakini neno lilitoka peke yake bila mkia, na likishatoka limetoka.

"Askari?" Mwanaasha akasimama. "Anakaa nasi kisomoni, anatuuliza nani katoa nini, na ni askari?"

Kabla jua halijageuka, habari ilikuwa imefika kwa balozi wa nyumba kumi, Mzee Romani. Mzee Romani ni mtu mwema, ila akipewa jambo lenye neno askari na neno wizi ndani yake hapendi kulala nalo. Sesilia aliporudi kutoka kazini alikuta mgambo wawili uani kwake, na Kornelio ndiye anayewaonyesha chumba cha mpangaji.

Walichambua vitu vyake. Cherehani haikuwepo. Zilikuwepo karatasi, nyingi, zina majina ya wanawake wa benchi na nani kasema nini kuhusu kutoa. Kwa Mzee Romani hizo zilitosha.

"Jumamosi mchana, Sesilia alipokuwa sokoni, ulikuwa wapi?" akamuuliza.

"Mlimani. Maktaba."

"Nani alikuona?"

"Watu walikuwa wanasoma, mzee. Hawatazamani."

"Hata huko mliko hamtazamani?" Mzee Romani akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli. "Ndugu, utakaa ofisi ya tawi la chama mpaka kesho. Kesho nawaachia polisi, na chuoni kwako wataandikiwa. Mtu anayesomeshwa na jasho la wakulima anaiba cherehani ya mgonjwa."

Theonest hakubishana. Alimtazama Sesilia tu, na hiyo ndiyo mbaya, kwa sababu hakumtazama kwa hasira.

"Mama, nilikuambia sijamaliza."

"Si ungemaliza basi," Sesilia akasema. Sauti ilimtoka ndogo.

"Ngozi inarudi," kijana akasema huku wanamsukuma. "Ikipumzishwa, inarudi, na mistari yake ile ile. Hilo ndilo nililotaka kupima."

"Anasema nini?" akauliza mgambo mmoja.

"Mambo ya Mlimani," mwenzake akamjibu. Wakaenda naye.

Sesilia akaingia jikoni, akawasha moto, akauzima. Adelina akamuuliza, "Dada, leo hatupiki?" Ngozi inarudi. Ikipumzishwa. Alikuwa na maneno hayo mdomoni kama punje ya mchanga na hakutaka kuyatafuna.

Akamwambia Kornelio anakwenda Kiwalani kumwona Rosalia, kumpa pole, maana tangu Jumapili hawajaonana. Ndivyo alivyojiambia na yeye mwenyewe.

"Leo?" Kornelio akauliza. "Jua linashuka."

"Nina miguu."

"Nenda kesho."

"Kesho kijana wa watu anapelekwa polisi."

"Sasa Rosalia anahusianaje na hilo?"

Sesilia akamtazama mumewe, akashindwa kusema anahusianaje, akajifunga ushungi akatoka. Alikwenda kwa mwendo wa mtu anayefukuzwa.

Kiwalani ndege zinapita juu ya mapaa mpaka mabati yanatetema. Rosalia alikuwa uani, sufuria mbele yake. Alipomwona shoga yake alisimama haraka, akanyoosha mkono wa salamu, ila akakunja kiganja akampa kifundo cha mkono.

"Nisamehe, nina maji ya vyombo."

Sesilia akashika kifundo. Hilo la kawaida, mwenye mikono michafu husalimu hivyo. Akakaa kwenye kigoda. Wakaulizana za nyumbani. Rosalia alimwambia amekonda, Sesilia akasema hata wewe. Kisha akamsimulia habari ya Theonest, kwamba mgambo wamemchukua.

"Maskini," akasema Rosalia. "Kwani kweli ni yeye?"

"Wanasema ana mistari kwenye vidole."

Rosalia hakuuliza mistari gani. Mtu yeyote angeuliza. Sesilia mwenyewe alipoambiwa aliuliza mara mbili.

"Nipe mkono," akasema Sesilia.

"Nimeshakupa."

"Umenipa kifundo. Vyombo viko wapi, Rosalia? Sufuria hiyo kavu."

Ndege ikapita. Ilipokwisha kupita Rosalia akatoa mikono kwenye kanga, akaiweka mapajani mwa mwenzake, imegeuzwa juu, kama mtu anayepima nguo.

Ilikuwa imepona. Vidonda vyote viliondoka. Ngozi mpya, ya hudhurungi safi, na kwenye kila ncha ya kidole mistari midogo midogo imejipanga, mizima, kama ya karani wa ofisini. Sesilia alipitisha kidole chake kitupu juu yake akaisikia ikikwaruza.

"Ni wewe," akasema.

"Ni mie."

Alikuwa amejiandaa kwa kubishiwa. Alipokubaliwa namna ile akabaki ameshika mikono ya mwenzake bila kujua aiachie au aendelee nayo.

"Rosalia, kwa nini? Cherehani ilikuwa yako. Ungengoja siku moja."

"Nani aliwaambia nataka kuagwa?"

"Daktari alisema usibangue tena."

"Daktari alisema mpaka ipone. Imepona, tazama. Mwezi mzima namwambia kila anayekuja kuniona kwamba narudi, wanasema pole, pumzika. Nikasikia limechangwa kapu. Wewe unajua kuliko wote, Sesilia. Mtu akishaagwa kwa kapu harudi benchi. Anakula vigelegele, anapewa zawadi, na nafasi yake imefungwa mpaka kufa. Mlinifukuza, ila mlinifukuza kwa heshima."

"Hatukukufukuza. Tulikuonea huruma."

"Nafasi yangu kakalia nani?"

Sesilia akatazama chini.

"Mtaje."

"Adelina."

"Mdogo wako. Na wazo la kuniaga lilitoka kwa nani?"

Hakujibu. Wasomaji, mie nilimuuliza swali hilo hilo, naye hata mie hakunijibu, alikunja kanga akaikunjua. Jazeni wenyewe.

"Kwa hiyo ukaamua kuniita mwizi mbele ya watu," akasema mwishowe.

"Sikutaka. Nilitaka Jumapili ipite tu. Bila zawadi hakuna kuaga. Nilijua wanakuamini, nikajua watasema imeibwa na mtu wa nje, watasikitika, watakwenda kwao, nami Jumatatu nije kazini na mikono yangu mizima niwaonyeshe. Pale Felicitas aliposimama nikasema sasa niseme. Mdomo ukagoma." Akafuta uso kwa mgongo wa mkono. "Nimekukosea, shoga yangu. Nimekukosea sana."

Sesilia alikuwa na hasira ya kuvunja sufuria na huruma ya kumkumbatia, vyote pamoja, na hakuna kimoja kilichokubali kumpisha mwenzake. Akasimama.

"Vaa ushungi. Tunakwenda kwa Mzee Romani sasa hivi. Utasema kama ulivyoniambia mie. Kijana atatoka, mie jina langu litarudi, na habari ya benchi tutaizungumza, Adelina nitamwambia mwenyewe. Beba na cherehani, tukodi mkokoteni."

Rosalia hakusimama.

"Kwenda nitakwenda," akasema. "Lakini la cherehani."

"Limefanyaje?"

"Keti kwanza."

"Siketi. Umeiuza?"

"Sikuiuza. Sesilia, Jumamosi mlango wa chumba chako ulikuwa umefungwa kwa kufuli. Hujajiuliza niliingiaje?"

Hakuwa amejiuliza. Anasema hilo ndilo linalomchoma mpaka leo, yeye ambaye hujiuliza kila kitu. Kufuli ile ina funguo mbili. Mmoja alikuwa nao yeye sokoni, umefungwa kwenye pindo la kanga.

"Nilikuja mchana kukusihi wewe," Rosalia akaendelea. "Nikamkuta Kornelio. Nikamwambia yote haya niliyokuambia. Akasema nina haki, akanifungulia. Mie nilishika mfuniko tu. Tofali alilileta yeye. Cherehani akaitia kwenye gunia, akasema nitangulie nyumbani watu wasituone pamoja, ataniletea jioni ile ile niifiche mpaka mambo yatulie."

"Akakuletea."

Rosalia akatikisa kichwa. "Sijaiona tangu ilipotoka kwako. Nilimsubiri Jumamosi mpaka usiku, na jana, na leo. Uliposimama hapo mlangoni nilidhani yeye ndiye aliyekutuma. Sesilia, mumeo kaipeleka kwa nani?"